Saa Njema ya Kupanda Huangshan

"Usije Jumamosi, kaka yangu. Nakusihi. Jumamosi hutauona mlima, utaona visogo vya watu."

Cheng Suqing aliyasema hayo simu ikiwa imebanwa begani, mkono mmoja ukimimina chai, mwingine ukiingiza namba za vitambulisho vya familia nyingine kwenye kompyuta. Upande wa pili mwanamume wa Shanghai akacheka.

"Sasa nije lini, dada?"

"Jumanne, juma la sikukuu ya taifa likishapita. Ingia langoni saa saba mchana, wenzako wanaposhuka na njaa zao. Lala juu, amka na jua, kisha ushuke kabla mabasi ya asubuhi hayajamwaga watu. Utanishukuru."

"Na mawingu je?"

"Mvua ikinyesha Jumatatu, Jumanne utaamka na bahari ya mawingu miguuni pako. Isiponyesha, utapata jua. Hutakosa vyote."

Kazi yake ndiyo hiyo. Miaka mitatu sasa, katika nyumba ya wageni ya mjomba wake pale Tangkou, chini kabisa ya mlima Huangshan, Suqing aliwaambia watu waje lini. Wageni walimpigia kutoka kila upande wa nchi. Wazee wenye magoti mabovu aliwapa siku za katikati ya juma. Maharusi aliwapa alfajiri za vuli. Ukungu ukiwa unakuja, alisema unakuja, hata kama mgeni atamkimbia aende kulala kwa jirani. Kwa hiyo walimwamini, wakamwita Dada wa Saa.

Lakini mchana ule wa tarehe mbili Oktoba, mji ukiwa umefurika hadi watu wanakula tambi wamechuchumaa barabarani, Dada wa Saa alikuwa na mgeni mmoja tu aliyemtia kijasho chembamba. Alikuwa ameshabadilisha blauzi mara tatu. Alikuwa amefagia ukumbi mara mbili, na mjomba wake akamwambia akifagia tena atatoboa sakafu.

Mgeni huyo alikuwa mama yake Zhifeng.

Luan Zhifeng! Kulitaja tu jina hilo moyoni kulimfanya Suqing atabasamu peke yake kama mwehu. Masika ya mwaka juzi alisimama mlangoni pale na sare yake ya rangi ya chungwa, mkononi ana pochi ya mgeni iliyokuwa imeanguka genge la mita sitini. Alikataa kuingia kwa kuwa viatu vyake vilijaa matope. Suqing akampelekea chai pale pale mlangoni. Chai aliimaliza, lakini macho hakuyaondoa. Tangu siku hiyo, kila aliposhuka mlimani alipita kuuliza kama kuna mgeni aliyepoteza kitu, hata siku ambazo hakuna aliyepoteza chochote.

Kazi ya Zhifeng ilikuwa kushuka na kamba kwenye majabali na kuokota vitu ambavyo upepo na uzembe wa watu huviangusha: chupa, kofia, makoti ya mvua, simu. Wenzake wawili humshikia kamba juu, naye huning'inia chini, mawingu yakipita katikati ya miguu yake.

Mama yake hakulijua hilo. Miaka minne mama yule, kule Yantai kwenye shamba lake la matufaha, aliwaambia majirani kwamba mwanawe yuko ofisini na anasimamia usafi wa mlima mzima.

"Sikumwambia uongo," Zhifeng alimwambia Suqing siku moja. "Nasimamia usafi. Sema tu sisimami, naning'inia."

Walicheka sana siku hiyo. Leo hapakuwa na cha kucheka, maana mama alikuwa anakuja mwenyewe kumchukua. Kule nyumbani kulikuwa na msichana wa jirani, mwenye shamba linalopakana na lao, na wazazi wa pande zote mbili walikuwa wameshaulizana habari mara tatu. Mama alikuwa anakuja kuliona hilo "lisichana la mlimani" lililomshika mwanawe asirudi, alikaripie, na arudi na kijana wake kabla mavuno hayajaisha.

Mpango wa Zhifeng ulikuwa mwepesi. Juma la sikukuu hakuna ruhusa, na zamu yake ilikuwa inaisha saa nane mchana. "Mpangie mama saa nane, Qing wangu," alimwomba. "Mpaka mpande, mimi nimeshaoga, nina shati jeupe, nawapokea pale juu kama bwana wa ofisi. Nitamwambia mwenyewe baadaye, polepole, akishakupenda."

Suqing akapanga saa nane. Ulikuwa ushauri mzuri hata kwa mgeni mwingine, na alijiambia hivyo mara nyingi, kama mtu anayejipaka dawa mahali pasipouma.

* * *

Bi Xiurong aliingia saa tisa alasiri. Alikuwa mama mfupi, mpana wa mabega, uso umekolea jua, kila mkono na mfuko wa matufaha. Aliiweka mifuko juu ya kaunta, akamtazama Suqing kuanzia nywele hadi ndala, akarudi tena juu.

"Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi, Shangazi," Suqing alijibu, kwa jina la heshima ambalo vijana wa pale humwitia kila mama mtu mzima. "Karibu. Pole na safari."

"Mh. Mwembamba kama kijiti cha kulia tambi. Kreti ya matufaha unaweza kuinua?"

Suqing aliisogeza kando mifuko ya matufaha. Alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, si hilo. Lakini ulimi wake ulikuwa wa kaunta, ulimi uliozoea wageni wakali, ukamjibia kabla hajafikiri.

"Kreti labda hapana, Shangazi. Ila naweza kuwapandisha watu elfu moja mlimani kwa siku bila wawili kupigana."

Mjomba jikoni alikohoa kuficha kicheko. Bi Xiurong hakucheka, lakini pembe moja ya mdomo wake ilicheza kidogo, ikatulia. Akavuta kiti akaketi.

"Haya. Tunapanda saa ngapi kesho?"

"Nimekupangia saa nane mchana, Shangazi. Foleni inakuwa imekatika, jua limelegea, na magoti yako hayatasimama saa tatu nzima ukisubiri gari la waya la kwendea juu."

"Saa nane?" Bi Xiurong alitoa mkobani kitabu kidogo cha falaki kilichochakaa, akakifungua mahali palipotiwa uzi mwekundu. "Kesho saa nane ni saa mbaya. Hapa imeandikwa: usisafiri, usikutane na jamaa. Saa njema ni ya joka. Saa moja hadi saa tatu asubuhi. Mimi nimekuja kwa jambo kubwa, siwezi kuliingia kwa saa mbaya."

"Shangazi, saa mbili asubuhi kesho ndiyo saa ya watu wengi kuliko zote kwa mwaka mzima."

"Watu hawaniui. Nabadilisha."

"Nafasi za asubuhi zimejaa tangu juzi."

"Tazama tena."

Suqing aliishika simu, akafungua ukurasa wa kuweka nafasi. Mtu alikuwa ameahirisha safari muda ule ule. Kwenye mstari wa saa mbili asubuhi, uliokuwa mwekundu siku mbili nzima, kulikuwa na nafasi mbili. Mbili tu, kana kwamba zimekatwa kwa ajili yao.

Bi Xiurong alikuwa ameinama anakuna goti lake. Hakuwa akitazama. Neno moja tu lilitosha: zimejaa. Saa nane ingebaki, Zhifeng angeoga, shati jeupe lingevaliwa, na mapenzi yao yangepata siku moja zaidi ya kupumua.

Suqing alifungua mdomo. Neno likagoma. Kwa miaka mitatu hakuwahi kumwambia hata mgeni mmoja kwamba kumejaa wakati hakujajaa. Angeanzia kwa mama huyu?

"Zimepatikana mbili, Shangazi," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu wa mbali. "Saa mbili asubuhi."

"Si nilikwambia utazame tena?"

* * *

Jua lilikuwa linazama aliposimama nyuma ya jiko na kumpigia Zhifeng.

"Saa mbili?!" Zhifeng karibu apige kelele. "Qing! Saa mbili mimi niko kwenye kamba. Pale pale karibu na kituo cha juu! Kila anayeshuka kwenye gari la waya anapita pale!"

"Najua."

"Ungemwambia zimejaa!"

"Zilikuwepo mbili."

"Nani angejua?"

"Mimi ningejua." Alishusha sauti, maana Bi Xiurong alikuwa anakula ukumbini. "Feng, sikiliza. Unataka mama yako anipende. Akishanipenda, agundue nilimpangia saa ili asikuone. Atanipenda tena? Mpigie sasa hivi. Mwambie wewe mwenyewe."

Aliisikia pumzi yake, na nyuma yake upepo wa kule juu.

"Baba alianguka kwenye ngazi ya kuchumia matufaha," Zhifeng alisema hatimaye. "Mita tatu tu. Nyonga ikavunjika, hadi leo anachechemea. Tangu siku hiyo mama haniruhusu hata kupanda juu ya kiti kubadilisha taa. Nitamwambia nini? Kwamba mimi hushuka mita mia?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Wewe ni rahisi kwako kusema!"

"Rahisi?" Machozi yalimjia ghafla na hasira juu yake. "Kila unapotoka kwenye kamba ukafika juu, unanipigia simu, inaita mara moja, unakata. Saa nne, saa sita, saa nane. Umewahi kujiuliza kati ya hapo mimi ninafanya nini? Simu ikichelewa dakika tano, chai hainipiti kooni. Usiniambie rahisi, Luan Zhifeng."

Alikata. Baada ya nusu saa Zhifeng alimpigia mama yake kweli, mara mbili, lakini Bi Xiurong, kwa uchovu wa treni, alikuwa ameshalala na simu chini ya mto.

* * *

Asubuhi ya tarehe tatu mbingu ilifunguka, buluu tupu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na Suqing alijua hata kabla hajatoka nje kwamba juu kuna bahari ya mawingu. Moyo wake ulimdunda kwa furaha na kwa hofu, asijue ipi ni ipi.

Langoni palikuwa kama siku ya ufufuo. Walinzi walipiga vipaza sauti, watoto walikaa mabegani kwa baba zao, bendera ndogo nyekundu zilipepea kila mahali. Suqing alimpitisha Bi Xiurong ubavuni mwa foleni hadi kwenye kijiwe kimoja anachokijua yeye, akamkalisha, akamfungulia mandazi ya mvuke yaliyokuwa bado moto, yeye akasimama kwenye foleni kwa niaba ya wote wawili. Kila foleni iliposogea, alikuja kumchukua, akamkalisha mbele.

"Umejuaje kila mahali pa kukaa?" Bi Xiurong aliuliza, mdomo umejaa.

"Nimewaandikia wazee wote wanaokuja, Shangazi. Mahali pa kukaa, mahali pa choo, mahali penye kivuli."

"Na mwanangu? Yeye anakaa wapi hapa, ofisi yake iko upande gani?"

Suqing aliona uso wake unapata moto. "Ni kule juu, Shangazi."

"Mbona unaona haya? Mnaonana mara nyingi?"

"Akishuka."

"Akishuka," Bi Xiurong alirudia, akamtazama kwa kitambo. "Binti, mimi ni mtu wa shamba, sijui maneno ya kupaka mafuta. Kule kwetu kuna msichana. Ana shamba, ana ghala la baridi, ana mikono. Mwanangu akirudi, maisha yake yameshawekwa mezani. Wewe una nini cha kumpa?"

Gari la waya lilifika, milango ikafunguka, watu wakawasukuma ndani. Walibanwa kioo kwa kioo. Ardhi iliporomoka chini yao, misonobari ikawa midogo kama brashi, kisha wakaingia ukunguni, weupe mtupu, hata mkono huuoni. Na ghafla wakatokea juu yake. Gari zima lilipiga kelele. Mawingu yalikuwa yametanda hadi upeo wa macho, na vilele vimechomoza humo kama visiwa. Bi Xiurong alishika mkono wa Suqing bila kujua ameushika.

"Lo," alisema kwa sauti ndogo. "Lo, mama yangu."

Suqing alitaka kumjibu lile swali wakati ule, lakini majibu yake yote yalikuwa yananing'inia nje kwenye kamba.

Walishuka kituo cha juu. Hatua mia moja hivi kutoka pale njia ilikuwa imezibwa na watu. Walikuwa wameegemea kizuizi cha chuma, simu zimeinuliwa juu, wote wanatazama chini.

"Kuna nini?" Bi Xiurong aliuliza.

"Mkoba wa mtoto umeanguka!" mwanamke mmoja alimjibu kwa msisimko. "Vitambulisho vya ukoo mzima vimo humo! Kijana amekwenda kuuchukua. Tazama, tazama!"

Bi Xiurong alipenya kwa mabega yake ya shambani, Suqing nyuma yake. Chini yao genge liliteremka moja kwa moja hadi mawinguni. Na pale katikati ya jiwe na hewa kulikuwa na mtu wa rangi ya chungwa, mdogo kama ndege, miguu imekanyaga ukuta, anajisukuma kushoto, anarudi, anajisukuma tena. Mkoba wa buluu ulikuwa umenasa kwenye msonobari mdogo uliomea katika ufa wa jabali. Kila alipoukaribia, watu walisema "Aaah!" na kila alipoukosa, walisema "Oooh!"

Bi Xiurong alikuwa na macho mazuri ya karibu, lakini ya mbali yalikuwa yamemwacha. Alikunja uso.

"Mtoto wa watu yule," alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Kwa ajili ya mkoba! Hana mama yule?"

Hapo Suqing alijua saa imefika. Haikuwa kwenye kitabu chochote. Angeweza kusema twende zetu, Shangazi, jua kali. Angeweza kumgeuza, akamwonyesha mawingu. Akavuta pumzi, akaweka mkono wake juu ya mkono wa yule mama pale kwenye chuma baridi.

"Anaye, Shangazi," alisema. "Amesimama hapa karibu nami."

Bi Xiurong hakuelewa mara moja. Aligeuka kutazama kama kuna mama mwingine. Kisha akaurudisha uso kwa Suqing, taratibu, na rangi yote ikamtoka. Mdomo ukafunguka.

"Fe—"

"Usimwite!" Suqing alimkumbatia kwa nguvu ambazo hakujua anazo. "Shangazi, tafadhali. Aliye kwenye kamba haitwi jina. Atageuka. Mwache amalize."

Mama yule akaufunga mdomo wake kwa kiganja. Mkono wa pili aliusokota ndani ya mkono wa Suqing, akaubana, na mkono ule ulikuwa na nguvu za miaka thelathini ya kreti. Suqing aliumia hadi machozi, hakuutoa. Upepo ulikuja. Kamba iliyumba. Kundi zima la watu likanyamaza, na katika kimya kile Suqing alimsikia mama yule akihesabu kwa kunong'ona, moja, mbili, tatu, kama mtu anayembembeleza mtoto kuvuka mto.

Zhifeng akajisukuma mara ya mwisho. Vidole vikaudaka mkoba.

Makofi yalilipuka. Watu walishangilia, wakakumbatiana na wasiowajua. Watu wawili walioshika kamba wakaanza kuvuta, na yule mtu mdogo wa rangi ya chungwa akawa mkubwa, akapata mikono, akapata uso. Alipanda juu ya kizuizi akicheka, kofia ngumu imekaa upande, akamkabidhi mtoto mkoba wake. Akaingiza mkono mfukoni kutoa simu ili ampigie Suqing mara moja na kukata. Akainua macho.

Kicheko kilimfia mdomoni.

"Mama."

Bi Xiurong alimwendea. Watu walimpisha bila kuambiwa. Alimpiga kofi zito la kichwani, likagonga kofia ngumu, akauvuta mkono wake akiupuliza.

"Umeumia, mama?"

"Nyamaza! Hii ndiyo ofisi? Hii?" Alionyesha genge. "Kiti chako kiko wapi? Meza iko wapi? Miaka minne nawaambia majirani mwanangu ana meza!"

"Mama, nilikuwa nataka kukwambia..."

"Lini? Siku watakaponiletea viatu vyako?"

Zhifeng aliinamisha kichwa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mabega kama mlango, na alisimama pale kama mtoto wa darasa la kwanza. "Nilikuogopa," alisema. "Magenge siyaogopi. Wewe nakuogopa. Nilijua utalia, na ukilia nitaacha. Na mimi, mama, kazi hii naipenda."

Mama yule alilia kweli, bila sauti, akimpapasa mashavu, masikio, mikono, kama anayehakikisha hakuna kilichopungua. Kisha akajifuta kwa kitambaa na kugeukia wale wawili wa kamba.

"Nani kati yenu anayemshika mwanangu?"

"Mimi, mama," alisema Fundi Hu, mzee mkavu mwenye ndevu chache. "Miaka minne, kila siku."

"Nionyeshe fundo."

Fundi Hu akamwonyesha. Bi Xiurong aliifinya kamba kwa vidole vyake, akaipinda, akaitazama kwa karibu sana, akauliza inabadilishwa baada ya muda gani, akauliza jiwe likiwa na maji inakuwaje. Fundi Hu alimjibu yote kwa adabu. Mwishowe Bi Xiurong alitoa tufaha moja kubwa jekundu mkobani akampa kwa mikono miwili, na yule mzee akalipokea kwa mikono miwili.

Ndipo akamgeukia Suqing.

"Wewe ulijua."

"Nilijua, Shangazi. Tangu siku ya kwanza."

"Na ile saa nane yako ilikuwa ya kunificha."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Kisha ukanileta saa mbili."

"Ndiyo."

Zhifeng alisogea kutaka kumtetea, mama akamzuia kwa kidole kimoja bila hata kumtazama.

"Na bado unampenda? Mtu wa kuning'inia?"

Suqing aliutazama mkono wake. Alama za vidole vya yule mama bado zilikuwa zimeandikwa hapo, nyekundu. Kisha aliyainua macho yake, na wala hayakwenda kwa mama. Yalikwenda kwa Zhifeng, na Zhifeng alikuwa anamtazama vile vile alivyomtazama siku ile ya chai mlangoni, kana kwamba mlima wote na watu wake wote wameondoka.

"Kila siku nahesabu kama ulivyohesabu wewe sasa hivi," alisema. "Uliniuliza nina nini cha kumpa. Sina shamba, Shangazi. Nina hicho tu. Akiwa chini, kuna mtu juu anahesabu."

Hata yule mwanamke wa kwanza, mwenye kiherehere, alikuwa ameishusha simu yake.

Bi Xiurong alivuta makamasi. "Sikilizeni nyinyi wawili. Kazi hii sijaikubali. Nitakwenda nyumbani na nitaendelea kutoikubali. Msichana nimemkubali. Msiyachanganye mambo hayo mawili."

"Mama!"

"Usiniite mama kwa sauti hiyo, bado nina hasira na wewe." Akamshika Suqing kwenye kiwiko, akamvuta kando kama watu wa biashara. "Binti. Mlima huu huwa mtupu lini?"

"Shangazi?"

"Si ndiyo kazi yako? Nakuuliza. Mavuno yangu yanaisha Novemba. Baba yake anachechemea, hawezi foleni, hawezi ngazi nyingi. Nataka siku ambayo watu wakubwa wanaweza kukaa wakazungumza mambo ya posa bila kupigwa viwiko."

Suqing, aliyewajibu maelfu ya watu swali hilo hilo bila kufungua daftari, alijikuta kichwa chake cheupe kama yale mawingu. Machozi yalikuwa yanamteremka, na alikuwa anacheka.

"Desemba," Zhifeng alisema kwa niaba yake, sauti imemkauka. "Jumanne au Jumatano."

"Katikati ya Desemba," Suqing alidakia, maneno yakamrudia yote kwa pamoja, "theluji ya kwanza ikishaanguka na ngazi zikishafagiliwa. Panda saa nne, jua likiwa limeyeyusha barafu. Baba apande gari la waya, tulale juu, hakuna mtu, Shangazi, utausikia hata mti ukidondosha theluji..."

"Wazazi wako wangapi?"

"Wote wawili wapo."

"Wawili. Mimi na mzee wangu, wanne. Nyinyi, sita." Bi Xiurong alihesabu kwa vidole, akatikisa kichwa kuridhika. "Weka nafasi sita."

Nyuma yao mlinzi alikuwa anapaza sauti: jamani, njia, njia, sogeeni mbele, wenzenu wanangoja! Zhifeng alivua glovu lake la kamba, akaunyoosha mkono wake wenye chokaa na makovu mbele ya mama yake na Fundi Hu na umati wote wa sikukuu, na Suqing akaushika. Kwa mkono uliobaki huru alitoa simu yake, akaanza kuandika sita.